Tupeane uzoefu: gari yako unailindaje ukiegesha mjini Tanga?

Mwanzisha mada
Wadau habari za jioni. Nimeumia jamani. Jana nimeingia benki moja hapa mjini, nimekaa foleni kama dakika arobaini hivi, natoka nakuta mlango wa nyuma wa IST yangu umebonyea na mkwaruzo umeshuka mpaka chini kabisa. Namuuliza mlinzi, ananijibu dada mie nalinda geti, magari hayanihusu, ananionyesha na kibao ukutani kwamba ukiegesha hapa ni kwa hatari yako mwenyewe. Gari nimenunua kwa pesa za kikoba, miaka mitatu najinyima, na ndiyo inayompeleka mama kliniki kila mwezi. Aliyegonga hata kikaratasi cha namba ya simu hajaacha. Bima yangu ni ndogo, ile ya kumlipa uliyemgonga tu, kwa hiyo hainitengenezei gari yangu, ya kwake ndiyo ingenilipa kama ningemjua ni nani. Nyie wenzangu mnafanyaje? Kila mtu aeleze yaliyomkuta na anachofanya sasa hivi.

Dereva wa Noah
Pole sana dada yangu. Mie natembeza Noah mwaka wa saba huu na nilichojifunza ni kwamba usitafute nafasi iliyo karibu na mlango wa kuingilia, tafuta jirani. Nikifika sehemu naangalia kwanza gari za pembeni, ukiona gari imegongwa kila kona ujue mwenyewe hajali mlango wake unafungukia wapi, hapo napita hata kama pako wazi. Napenda kona ya mwisho yenye ukuta, upande mmoja nakuwa nimeshauokoa, halafu naingia kwa rivasi ili nikitoka naona mbele vizuri, maana wengi wanagongana wakati wa kutoka na sio wa kuingia. Vioo nakunja, matairi nanyoosha. Kutembea hatua mia moja kwenye jua la Tanga ni bora kuliko kunyoosha bodi.

Mkazi wa Ngamiani
Huku kwetu kwenye barabara za namba tatizo kubwa ni baiskeli. Tanga kila nyumba ina baiskeli, mtu anakuja dukani anaona gari imesimama anaiegemeza hapohapo, hendeli inakwaruza juu, pedeli inakwaruza chini. Nilikuwa nagombana na watu mpaka nikachoka. Sasa hivi naongea na mwenye duka kabla sijashuka, namwambia kaka gari yangu hiyo hapo niangalizie, na nikirudi nanunua kitu kwake hata maji. Tangu nianze hivyo sijapata mkwaruzo mpya, yeye mwenyewe ndiye anayewakataza. Na ule ushuru wa maegesho tunaolipia kwa kontrol namba msidhani ni wa ulinzi, unalipia nafasi tu.

Mpenda Coastal
Mimi yangu ilikuwa siku Coastal wanacheza na Yanga, pale uwanja wa Mkwakwani hakuna pa kuweka hata mguu. Vijana wanaopanga magari wakaniambia niache gia kwenye N na hendibreki nisivute, ili wakitaka kutoa gari ya nyuma waisukume ya kwangu. Nikakubali kwa sababu mechi imeshaanza na kelele nazisikia. Natoka nakuta bampa ya mbele iko mtaroni, wameisukuma ikawashinda, na vijana wenyewe hakuna hata mmoja. Toka siku hiyo siachi gari yangu bila hendibreki kwa kuombwa na mtu yeyote. Siku ya mechi naiacha nyumbani napanda bajaji.

Binti wa Raskazone
Usiegeshe chini ya mnazi! Kaka yangu alienda harusini usiku, kivuli cha nini usiku, nazi ikaangukia kioo cha mbele chote kikapasuka.

Fundi rangi
Dada, kabla hujapeleka popote pitisha ukucha juu ya ule mkwaruzo. Kama ukucha unateleza bila kukwama, hapo ni juujuu, kompaundi na polishi inatosha, usikubali kuuziwa rangi ya mlango mzima. Ukikwama imeshaingia kwenye rangi, na ukiona chuma usikae nayo muda mrefu, upepo wa bahari huku una chumvi na kutu inaanza haraka, na ikishaingia chini ya rangi inatembea. Palipobonyea kama rangi haijapasuka kuna mafundi wanasukuma kwa ndani bila kupaka puti, uliza hilo kwanza. Kitu kingine watu hawakichukulii maanani ni mavi ya kunguru, yakikauka juani yanakula rangi, na mtu akija anayafuta na kitambaa kikavu ndio anamalizia kuchubua kabisa. Mwagia maji, acha yalainike, ndio ufute. Utomvu wa mwembe nao ni hivyohivyo.

Mwalimu
Kabla sijaondoka kwenye maegesho nazunguka gari yote, dakika moja tu, kwa sababu ukishafika nyumbani huwezi tena kusema umegongwa wapi. Mwaka jana hivyohivyo niliikuta rangi nyeupe kwenye bampa yangu, gari nyeupe ipo pembeni na haijaondoka, nikapiga picha zote mbili na namba zake nikamsubiri. Alipokuja alikataa, nikamwonyesha picha, nikamwambia basi tumwite trafiki apime. Akatulia, tukaenda kwa fundi pamoja na kulipa akalipa yeye. Mwenye kamera ya dashibodi ni vizuri zaidi, ila muulize fundi umeme aiunge iwe inajikata betri ikishuka, vinginevyo unarudi gari haiwaki.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, kweli nimepata nguvu. Nimefanya ile ya ukucha, juu unateleza lakini huku chini unakwama kabisa na chuma kinaonekana. Leo nimerudi pale na picha, duka la ng'ambo ya barabara lina kamera inayoangalia geti na mwenye duka amekubali tukae naye kesho asubuhi tuangalie ya siku ile. Fundi rangi, hao wanaosukuma kwa ndani wako upande gani, Makorora au Chumbageni? Mama kliniki yake ni Jumatano.