Naomba ushauri: nina baridi yabisi na riziki yangu ni dagaa

Muanikaji_Igombe
Habari zenu ndugu zangu. Mnisamehe nikikosea herufi, leo mkono wa kulia haukunjiki.

Nina miaka 41, naanika dagaa mwalo wa Igombe, Mwanza, hapa ufukweni wanaposhushia samaki. Kwa muda mrefu nilikuwa naamka vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa, hadi saa tatu asubuhi ndipo naweza kushika kikombe. Mwezi Machi nikaambiwa ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Nikaandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza hiyo kinga, na kliniki ya kila mwezi mjini.

Shida ni hii. Dagaa wanavuliwa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, kwa hiyo hela ya mwezi mzima naipata kwenye siku chache za giza. Kliniki ikiangukia humo, nikienda mjini siku nzima imepotea na dagaa wa kuanika wanachukuliwa na wengine. Mara mbili nimeiacha kliniki. Dawa zikaisha, nikanunua vidonge vya mchanganyiko duka la mtaani. Vinatuliza kweli. Halafu nina kausha damu, mkopo wa mtaani wa riba kubwa, ya laki tano, marejesho kila Jumatatu. Mume yuko visiwani, na shemeji anasema wenzangu wa mwaloni wameniroga, nitoe laki mbili niende kwa mganga.

Niuze vichanja vyangu vya kuanikia niachane na dagaa?

Kijana_Buhongwa
Pole dada. Achana na dagaa, fungua genge la nyanya na vitunguu hapo nyumbani.

MamaWaKirumba
Genge ni kudamkia sokoni saa kumi alfajiri na kubeba matenga, na asubuhi ndiyo saa mbaya ya vidole vyake. Mdogo wangu, usiuze vichanja. Kinachokumaliza ni ndoo na kuinama. Tafuta binti wa kubeba na kuanika, umlipe kwa siku. Wewe kaa kwenye kupima na kuuza, wateja wanakujua wewe. Faida itapungua, sikufichi. Na hiyo kausha damu usiikopee nyingine kuilipa. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata uulizie mikopo ya halmashauri, wanawake wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri na mikopo yenyewe haina riba. Inataka kikundi, na inachelewa, ila haikunyonyi.

Nesi_Ziwani
Mimi ni muuguzi ila si wa kliniki yako, haya ukayathibitishe huko. Methotreksati ya baridi yabisi inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Inaendana na asidi ya foliki na vipimo vya damu kuangalia ini, na haifai kabisa kwa mjamzito. Hivyo vya mchanganyiko ndivyo vinavyonitisha. Mashavu yamejaa? Huenda ndani yake mna prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, na dawa hiyo haikatizwi ghafla ukiwa umeizoea. Vibebe umwonyeshe daktari, usione aibu. Diklofenaki nayo, dawa ya maumivu, ukiimeza kila siku inaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo.

Waambie pia kuhusu giza la mwezi. Wengi hawajui kalenda ya mwaloni, waombe wakupangie tarehe za mbalamwezi. Ukikosa hela, hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, nenda na barua ya mtendaji wa mtaa.

MwanaWaGeita
Dada yangu, mama tulimzungusha kwa waganga miaka minne. Ng'ombe watatu waliondoka. Tulipofika hospitali vidole vilishapinda, na daktari akasema dawa zinazuia ugonjwa usiendelee lakini kilichopinda hakirudi. Sasa namlisha mwenyewe. Hiyo laki mbili usiitoe, nakusihi.

Muanikaji_Igombe
Nimesoma nikalia. Nesi, mashavu yamejaa kweli, na mimi nilifurahi nikidhani nimenenepa. Vidonge nimevifunga kwenye kanga pamoja na kadi.

Binti wa jirani amekubali elfu tano kwa siku. Kliniki ni Jumanne, katikati ya giza, nitakwenda hivyo hivyo. MwanaWaGeita, msalimie mama. Shemeji amepiga tena jioni hii, sijapokea.