Naomba ushauri: lehemu (kolesteroli) na ugonjwa wa neva uliomuua baba

Habari zenu wakuu. Baba alifariki kwa ule ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ALS, aliokuwa nao mwanafizikia Stephen Hawking. Ulianza kama mzaha: kidole gumba kikagoma kufunga kifungo cha shati. Sasa mimi nina miaka 46, na vipimo vya juzi vinaonyesha lehemu mbaya, LDL, iko juu, na ile nzuri, HDL, iko chini.

Nimesoma utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu takriban 500,000: wenye HDL nyingi waliupata ugonjwa huu kwa uchache zaidi. Lakini baba alipougua alihimizwa ale vyenye mafuta, maana mgonjwa akikonda huzidiwa haraka. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Daktari anataka nianze statini, dawa za kushusha lehemu, kwa ajili ya moyo, na sioni sababu ya kumbishia.

Ila, kuna aliyewahi kupimwa jeni zinazohusishwa na ugonjwa huu, mfano ile iitwayo SOD1, baada ya kufiwa na mzazi? Najua takriban wagonjwa tisa kati ya kumi hawakuurithi. Mlianzia kwa daktari yupi? Na majibu mliwaambia watoto? (Mazoezi nimeshaanza, hilo msinikumbushe.)