Ufukwe unaliwa: ukuta, mchanga au kuhama?

Mwenye mada: Bahari inakula ufukwe, na wakazi tunatakiwa tuchague: ukuta wa mawe, kumwaga mchanga, au kurudisha nyumba nyuma. Mimi nasema ukuta. Mnasemaje?

Kasikazi: Ukuta unaokoa nyumba na kuua ufukwe. Wimbi likigonga zege linarudi na mchanga wa chini, na pale ukuta unapoishia, jirani ndiye anayemeguliwa. Waholanzi mwaka 2011 walimwaga mchanga zaidi ya mita za ujazo milioni 20 karibu na The Hague, wakaacha mikondo na upepo viusambaze. Halafu tuambiane ukweli: waliojenga juu ya matuta ya mchanga walijitakia.

BintiKiwanja: Tulijitakia? Marehemu baba alijenga kwa kibali, bahari ikiwa mbali. Aliyegonga muhuri mbona humgusi?

Kasikazi: Dada, kibali hakizuii maji.

BintiKiwanja: Wala sikusema kinazuia! Nasema aliyekitoa alipe naye. Usinifundishe bahari, nimekulia hapo.

Mti Mkavu: Pandeni mikoko, gharama ndogo, ugomvi uishe.

Nahodha: Mikoko inataka tope na maji tulivu. Ukiichomeka kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, itang'oka yote. Na mnaotaka ukuta, mashua zetu tutazipandisha wapi? Hakuna aliyetuuliza.

Mwenye mada: Mzee Nahodha, ukuta unaweza kuachiwa milango.

Nahodha: Mlango bila ufukwe wa kuegesha ni wa nini? Mchanga wenyewe umeshaondoka! Anzeni na wanaouchota kwa malori, na mabwawa yanayouzuia mitoni usifike baharini.

Kasikazi: Hapo Nahodha kasema. Na kuhama si aibu: mwaka 1999 Wamarekani waliusogeza mnara wa taa wa Cape Hatteras mzimamzima, karibu mita 880 kutoka ulipokuwa.

BintiKiwanja: Mnara ulisogezwa kwa fedha za serikali. Mimi unaniambia nihame kwa fedha zangu, na bado unaniita mjinga.

Kasikazi: Neno mjinga sijalitamka.

BintiKiwanja: "Walijitakia" ulimaanisha nini? Fidia kwanza, ndipo mtuambie tuhame. Bila hiyo nitachangia mawe ya ukuta, hata ukidumu miaka michache tu.

Nahodha: Na ukimegua upande wetu, fidia yetu atalipa nani?