Nilimaliza tiba ya kisaikolojia miaka 6 iliyopita, mbona yanarudi sasa?

mama_wa_wawili
Habari zenu. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Nina miaka 35, niko Dar. Kuanzia miaka 8 mpaka 11 nilifanyiwa unyanyasaji wa kingono na ndugu aliyekuwa anaishi kwetu, sitaingia zaidi ya hapo. Sikumwambia mtu mpaka nilipojifungua binti yangu, nikaanza kuogopa hata baba yake akimuogesha, ndo nikajua siwezi kuendelea hivi. Nikaenda kwa mwanasaikolojia kila Jumatano mwaka mzima na miezi miwili, kazini nilikuwa naaga naenda kwa daktari wa meno. Ikanisaidia jamani, sidanganyi, ndoto zikaisha, nikaacha kuruka mtu akinigusa bega kwa nyuma.

Sasa mwezi wa sita binti katimiza miaka 8. Shule wakawapiga picha na yunifomu, nimeishika ile picha nikaona ni mimi. Toka siku hiyo silali, saa tisa usiku niko mlangoni kwake naangalia komeo. Juzi shemeji kasema Desemba watoto waende kijijini wakakae na binamu zao nikapiga kelele mbele ya wageni.

Swali langu, ina maana ile tiba ilikuwa panadol tu? Nyie mliomaliza zamani mko wapi sasa hivi, inadumu au ndo hivi mpaka kufa?

Mzee Ngoda
Pole sana binti yangu. Msamehe huyo mtu umkabidhi Mungu, ukisamehe moyo utapumzika.

chausiku_T
Shikamoo mzee, najua unaongea kwa wema. Ila wengi wetu hilo neno samehe tuliambiwa tukiwa na miaka 10, kikao kikakaa sebuleni, yakamalizwa kifamilia, na huyo mtu jioni akala na sisi meza moja. Akitaka kusamehe atasamehe siku yake, asipotaka bado anaweza kupona. Dada, mimi yalinirudia mwanangu alipofika miaka 6, umri uleule. Hujaharibikiwa.

kaunsela_moshi
Dada pole, na hongera kwa kuandika. Nina mwaka wa 14 kwenye kazi hii, mtoto kufikia umri ule ni kitu tunachokiona sana, hasa kwa akina mama.

Haikuwa panadol. Tiba haifuti kumbukumbu ya woga, inajenga kitu kingine pembeni yake ambacho ubongo unazoea kukitumia, kama kichochoro ulichoacha kupita majani yakaota, kichochoro bado kipo, na jambo zito likitokea miguu inaenda yenyewe. Kurudi kwa dalili sio sawa na kurudi mwanzo.

Kuhusu kudumu, Marekani mwanasaikolojia Patricia Resick na wenzake waliwatibu wanawake 171 waliobakwa, halafu wakawatafuta tena miaka 5 mpaka 10 baadaye wakawapata 126. Kama wanne kati ya watano hawakuwa tena na PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe, na baadhi yao waliwahi kunyanyaswa utotoni pia (ripoti ya 2012). Na sio Marekani tu, hapo Uganda kambi ya Imvepi wakimbizi wa Sudan walipata sesheni 4 tu za kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio pamoja na yale mabaya, mwaka mmoja baadaye waliobaki na PTSD walikuwa 29%, wakati waliopewa ushauri wa kawaida ni 79%. Hao walikuwa watu wa vita, sio watoto wa kunyanyaswa nyumbani, ila inaonyesha kusimulia kunafanya kazi gani.

Ndo maana nataka kukuuliza, kwenye ile tiba yako mliwahi kufika kwenye tukio lenyewe ukalisimulia mpaka mwisho, au mlibaki kwenye kupumua na kutulia? Marylene Cloitre alifanya utafiti kwa wanawake 104 wenye historia kama yako, waliofundishwa kwanza kumudu hisia halafu wakasimulia ndo walikuwa na hali nzuri zaidi hata miezi 6 baada ya kumaliza, kuliko waliopata nusu ya kwanza au ya pili peke yake.

Halafu la kijijini. Sio kila woga wako ni ugonjwa! Utafiti wa taifa wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 hapa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Mama kukataa mtoto asilale nyumba asiyoijua ni busara. Kuamka saa tisa kila usiku ndo kiwewe, hicho ndo cha kutibu.

Baba Swaleh
Dadangu niko Mombasa, nina 44, mimi ni mwanamume na yalinipata. Kaunsela wa kwanza aliniuliza mbona hukupiga kelele, nikatoka sikurudi kwa mtu yeyote miaka minne. Wa pili ndiye alinisaidia, nikamaliza 2013. Tangu hapo nimerudi kwake mara mbili, alipofariki babangu na kijana wangu alipoingia bweni form one. Ile tiba ya mwanzo ilinichukua miezi minane, iliyofuata sesheni sita, hii ya mwisho nne. Hivyo ndivyo mimi napima. Harufu ya mafuta ya taa bado inanipandisha moyo, lakini nakaa, inapita, narudi kwa watu. Zamani ningepotea siku tatu.

mama_wa_wawili
Nimesoma nalia lakini sio vibaya. Kaunsela umenishika pabaya, tulijaribu kusimulia mara moja, nikakaa wiki mbili siendi, niliporudi hatukugusa tena pale na mimi nikashukuru. Nimemtumia meseji yule mwanasaikolojia wangu mchana, amesema Jumatano saa kumi ana nafasi. Desemba watoto hawaendi, nimemwambia baba yao, hajauliza kwa nini ila aliniangalia sana.

@chausiku_T wewe mwanao ulimwambia?

chausiku_T
Ya kwangu sijamwambia, huo sio mzigo wake. Ila toka ana miaka 4 anajua majina ya viungo vyake vyote bila mafumbo, anajua hakuna siri ya mtu mzima na mtoto, na namba 116, ile simu ya msaada kwa watoto, tumeiandika kwenye friji, ni bure kupiga. Anaisoma kila akifungua kuchukua maji.