Miaka mitatu wakili ananiambia "faili iko kortini", kumbe hakuna faili

Jamani, nimetoka korti za Milimani hapa Nairobi sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Karani wa masjala ya mirathi ameandika jina la marehemu baba yangu kwenye kompyuta, kwanza kamili, halafu akalianza na la mwisho, halafu akajaribu namba ya kitambulisho. Hakuna kitu. Akanigeuzia skrini nijionee. "Mama, una risiti ya mahakama?" Nikampa karatasi niliyopewa na wakili wetu. Ilichanwa kwenye kile kitabu cha risiti cha dukani, imeandikwa kwa kalamu "mirathi 60,000", haina muhuri wala namba ya kesi. Akaitazama, akanirudishia bila kusema neno.

Baba alifariki Juni 2021. Aliacha mama, sisi watoto wanne, ploti ya vyumba kumi Kasarani na akiba kidogo benki. Hakuacha wosia. Septemba mwaka huo tukaenda kwa wakili tuliyeelekezwa na mtu wa kanisani, ofisi yake iko hapo katikati ya jiji. Tukampa kila kitu: cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina yetu wote, nakala za vitambulisho, na hatimiliki ya ploti. Hatimiliki yenyewe, si nakala! Mama aliitoa kwenye bahasha ya kaki ambayo imekaa chini ya godoro lake tangu mimi ni msichana mdogo. Akaipangusa kwa leso kabla ya kuiweka mezani pale. Kila nikifumba macho naiona ile leso.

Elfu sitini tulilipa siku hiyo hiyo, nusu yake mama alikopa kwenye chama chake cha akiba. Januari wakili akataka elfu ishirini na tano, eti za tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali. Mwaka uliofuata elfu thelathini, eti za kusukuma faili. Jumla 115,000. Mimi nauza mitumba Gikomba, naamka saa tisa usiku. Pesa hizo nazijua moja moja zilikotoka.

Na hilo gazeti ndilo alilotuchezea nalo muda mrefu zaidi. Gazeti hilo hutoka Ijumaa, kwa hiyo kila wiki alikuwa na jibu tayari: "Ijumaa hii halikutoka jina lenu, tungoje ijayo." Tumengoja Ijumaa ngapi? Mama alikuwa ananipigia simu kila Ijumaa jioni kuuliza. Ombi likishatangazwa, mwenye pingamizi hupewa siku 30. Baada ya hapo korti hutoa hati ya usimamizi, na kwa kawaida miezi sita baadaye ndipo unaomba ithibitishwe ili mali igawanywe. Hata ukiongeza ucheleweshaji wa korti zetu, ambao kila mtu anaujua, tungekuwa tumefika mbali. Lakini tangazo litatoka vipi kwa ombi ambalo halijawahi kuwasilishwa?

Wakati wote huo baba mdogo ndiye anachukua kodi ya vyumba. Kila tarehe tano anapita mlango kwa mlango na daftari lake. Anasema ploti ni ya ukoo, na dada yangu aliyeolewa hana chake pale. Mama anaishi chumba cha mbele cha ploti ile ile, anamwona akipita na pesa, halafu ananiomba mimi unga. Nilipomlilia wakili alinijibu: "Msimguse mzee, mtaharibu kesi. Faili iko kortini."

Juzi binti wa jirani aliyesomea sheria alikaa na mimi jioni nzima, akanifungulia Sheria ya Urithi, Sura 160, tukasoma pamoja kwenye simu. Nililia. Kifungu cha 45 kinasema mtu asiye na idhini ya kisheria akichukua au kuitumia mali ya marehemu ametenda kosa, faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kaka wa marehemu hana fungu lolote ikiwa mke au watoto wapo. Mama ana haki ya kufaidika na ile ploti, na inapofika zamu ya watoto sheria inasema sawa kwa sawa, haiulizi nani ameolewa. Na kuna hati ya muda ambayo korti inaweza kuitoa mapema, ya kukusanya na kulinda mali tu kabla kesi kubwa haijaisha. Kumbe kodi ile ingeweza kuzuiwa tangu 2021! Wakili wetu alijua, na kama hakujua basi alikuwa anauza nini pale ofisini?

Kingine kimeniuma. Krismasi ya 2019 baba alituketisha, akatamka nani apate vyumba vipi. Tulimsimulia wakili, akatuambia maneno ya mzee yanatosha, atayatumia kama wosia wa mdomo. Tukarudi nyumbani tumetulia. Sasa nasoma kifungu cha 9: wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka awe amefariki ndani ya miezi mitatu. Baba aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya Krismasi ile. Maneno yake hayakuwa na nguvu kortini tangu mwanzo. Kama angeandika, akaweka sahihi mbele ya mashahidi wawili nao wakaweka zao, tungekuwa na karatasi ya kushika. Wazee wetu wanaogopa kuandika wosia kana kwamba wanajiitia kifo. Baba alikuwa hivyo hivyo, na simlaumu, lakini naumia.

Nilipotoka Milimani nilipitia ofisini kwa wakili. Msichana wa mapokezi akasema yuko korti ya Machakos. Simu haishiki. Ujumbe wa WhatsApp ameusoma, hajajibu. Nimetafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, na haonyeshi kuwa na leseni ya mwaka huu. Sikuwahi kufikiria kuangalia. Nani huangalia, ukishaona vyeti ukutani na vitabu vyekundu nyuma ya kiti?

Naandika barua kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na nitaambatanisha jumbe zake zote za M-Pesa, kwa bahati sikuzifuta. Kama una wakili wa mirathi sasa hivi, mwambie leo akupe namba ya kesi na risiti iliyotoka mahakamani, halafu nenda mwenyewe ukaulize masjala. Usikubali "iko kortini" ya mdomo.

Kwenu mnaojua naomba mambo mawili. Kuna mtu hapa aliyewahi kumlazimisha wakili kurudisha hatimiliki halisi, na alianzia wapi, Tume au polisi? Pia, tukifungua kesi upya, barua ya chifu ya 2021 bado inakubalika au tuanze na nyingine?

Kesho asubuhi naenda Ardhi House, ofisi za wizara ya ardhi, kufanya sachi ya ile ploti, nione kama bado iko kwa jina la baba. Mama sijamwambia. Yeye anajua leo nilienda kuchukua tarehe ya kesi.