Fundi cherehani naomba ushauri: siku inaisha, nguo za watu haziishi

Sindano Butu:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi nguo, kibanda kiko Tandika, nakaa Mbagala. Nafungua saa mbili asubuhi nafunga saa mbili usiku, lakini ukiniuliza leo nimemaliza nini, ni gauni moja na suruali ya kupunguza kiuno. Mtu anakuja kupimwa, naacha kushona. Jirani analeta zipu ya begi, "dakika mbili tu fundi", nusu saa imekwenda. Simu nayo hainyamazi.

Jumamosi iliyopita mama mmoja alikaa kwenye benchi langu toka saa nne hadi saa tisa akisubiri gauni la harusi, na nilikuwa hata sijalikata. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Nimejaribu kuamka saa kumi alfajiri, nikaishia kusinzia juu ya cherehani. Ratiba nilibandika ukutani, ikadumu siku tatu. Nisemeni mnavyotaka, ila mniachie la kufanya.

Kobe Mwendo:
Pole mkuu. Jaribu njia ya nyanya. Mtaliano Francesco Cirillo, akiwa chuoni mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa anatega saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 kazi tupu, 5 za kupumzika. Mimi mitihani ya uhasibu nimeipita hivyo.

Mama Vijora:
Kobe, wewe unashika kalamu. Saa ikilia nami nimefika nusu ya kola, niiache inaning'inia?

Sindano mdogo wangu, unapima, unakata, unashona, unapiga pasi, kisha unarudi kupima. Hapo ndipo siku inapovujia. Mimi nakata asubuhi tu, macho yakiwa bado mazima, nguo zote za siku mbili. Mkasi ukishalala haunyanyuliwi. Halafu napanga kwa rangi ya uzi: nyeusi zote kwanza, kisha nyeupe, kisha hizo za vitenge. Kubadilisha uzi wa juu na wa bobini kila nguo ni wizi, wala huuoni. Pindo la mkono na vifungo naviweka mchana, usingizi wa ugali ukija au umeme ukikatika. Kupima ni baada ya alasiri. Anayekuja asubuhi aache kitambaa na namba ya simu.

Wawili watatu watanuna. Watarudi kama mshono wako ni mzuri. Kama si mzuri, huo ni uzi mwingine.

Karani Mstaafu:
Kijana, hilo gauni la harusi ulilipokea lini? Na mbele yake kulikuwa na nguo ngapi?

Sindano Butu:
Wiki tatu kabla, mzee wangu. Ngapi zilikuwa mbele sijui. Vipimo naandika kwenye karatasi, tarehe naweka kichwani.

Karani Mstaafu:
Nunua daftari la kaunta. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote, andika tu kila nguo umeianza saa ngapi na kuimaliza saa ngapi. Ukishajua, kila siku ya mwezi ichoree mistari mitatu, nguo moja mstari mmoja. Mistari ikijaa siku imejaa, hata akija mjomba wako. Ijumaa acha mmoja wazi kwa ajili ya msiba na dharura. Mteja akiambiwa wiki tatu atasubiri kwake. Huyo wa "njoo kesho" mara nne ndiye anayehamia kwenye benchi.

Sindano Butu:
Mistari mitatu mzee? Kodi ya fremu je? Mimi napokea hadi sita kwa siku.

Mama Vijora:
Unapokea sita, unatoa mbili. Hizo nne umelipwa?

Sindano Butu:
Vianzio vyake nimeshakula.

Mama Vijora:
Haya.

Sindano Butu:
Nimeelewa, mama. Daftari nanunua kesho asubuhi kabla sijafungua. Na zile zipu za mabegi?

Mama Vijora:
Jumatano, zote kwa pamoja. Asiyeweza kungoja Jumatano ampelekee fundi viatu.

Kobe Mwendo:
Kwa hiyo nyanya yangu mmeitupa?

Mama Vijora:
Mpe aitegee simu. Dakika 25 iwe kwenye droo, 5 mkononi.