Chupa mbili za mvua hapa Igombe: moja 31, nyingine 12. Ipi tuiamini?

Mwalo_Igombe:
Habari wadau. Kikundi cha wakulima, BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni) na shule ya msingi tumeanza kupima mvua na kimo cha Ziwa Victoria, ili tupange kupanda kwa takwimu za hapa hapa. Tuna chupa mbili za lita 1.5 tulizokata na kubandika rula, moja shuleni, moja mwaloni, kama kilomita 2 kati yake. Juzi ya shule ilisoma milimita 31, ya mwaloni 12. Ipi ina kosa? Na Jumamosi na Jumapili wanafunzi hawapo, tuandikeje?

Kipimamvua:
Huenda zote ziko sawa. Mvua ya radi kando ya ziwa hunyesha mtaa huu ikauruka ule. Ila kwanza ziwekeni bega kwa bega wiki mbili. Zikipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi, tatizo ni chupa.

Rula kwenye chupa ya soda inadanganya: kitako kina mabonde, tumbo lina kiuno. Tafuteni faneli yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 11.3. Eneo lake ni sentimita za mraba 100, kwa hiyo kila mililita 10 ni milimita 1 ya mvua. Ichomekeni kwenye chupa nzima, maji mpime kwa bomba la sindano la mililita 20, la duka la dawa. Faneli ya kipimo kingine: kipenyo mara kipenyo mara 0.785 ndilo eneo. Mililita mara 10, gawanya kwa eneo. Kipenyo cha sentimita 15 na mililita 250 ni milimita 14.2. Waachieni wanafunzi hesabu hiyo.

Nusu ya chini ya chupa ifukieni kwenye udongo jua lisinyonye maji, mdomo wa faneli ubaki sentimita 30 juu ya ardhi, umelala sawa kwa pimamaji. Chini pawe nyasi fupi. Kwenye saruji matone hurukia ndani. Mwembe wa mita 5? Kaeni angalau mita 10 kutoka hapo.

Daftari_la_Mtaa:
Someni saa 3 asubuhi kila siku, hata kama haikunyesha. Isiponyesha andikeni 0.0. Msiposoma, wekeni mstari. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibu kazi ya mwaka mzima: nafasi tupu inageuka sifuri, na ukame usiokuwepo unaingia kwenye jedwali. Mkikuta Jumatatu maji ya siku tatu, andikeni jumla moja, mabano yashike siku zote tatu. Msigawe kwa kukisia.

Siku za mapumziko wapeni kaya mbili za jirani, kila moja na zamu yake, na picha ya bomba la sindano iende kwenye kundi la WhatsApp kabla maji hayajamwagwa.

Waoneni pia TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, mapema. Takwimu zenu fundishieni, zibandikeni ofisi ya mtaa, lakini utabiri na tahadhari ni kazi yao kisheria.

Jiwe_la_Ziwani:
Kuhusu ziwa: ubao wa vipimo usifungwe kwenye gati linaloelea wala pale mitumbwi inapoegeshwa, ukigongwa ukahama sentimita 5, rekodi imekatika. Chongeni alama kwenye jabali lisilotikisika, kisha hamishieni kimo chake kwenye ubao kwa mpira wa maji wa mafundi, ule mwembamba ambao maji husimama kimo kimoja ncha zote mbili. Rudieni kila mwezi. Someni asubuhi upepo haujaanza, mara tatu kwa kupisha dakika moja, mchukue wastani.

Mei 2020 ziwa lilipita rekodi ya 1964. Waombeni wazee na wavuvi waonyeshe maji yalipofika, mpime kutoka alama ileile. Kumbukumbu hiyo ichukueni sasa, wenyewe wangali hai.

Mwalo_Igombe:
Asanteni sana. Na kupanda: tusubiri milimita ngapi?

Kipimamvua:
Namba moja haitoshi, udongo unatofautiana. Luseni, udongo wa kichanga, hupitisha maji haraka na kukauka haraka. Mbuga, udongo mzito wa mfinyanzi, ukiwa mkavu maji hushukia kwenye nyufa, zikifunga huingia polepole sana. Kila baada ya mvua kubwa chimbeni kwa jembe sehemu tatu, mpime unyevu umeshuka sentimita ngapi, muandike kando ya milimita za siku hiyo. Na shamba la luseni liwe na ukurasa wake, la mbuga wake.